Mwanamume au Mwanamke? Sababu za Kuchagua Mhusika Katika Michezo ya Video

Likizo ya Juni nilipofika nyumbani nilimkuta mdogo wangu wa kike, aliye Kidato cha Pili, ameketi barazani akicheza gemu katika simu ya mama. Mtu aliyekuwa akimwongoza katika mchezo ule alikuwa mwanamume mwenye ndevu, na jina lililoandikwa juu ya kichwa chake lilikuwa la kiume. Nilicheka nikamwuliza, "Umeota ndevu tangu lini?" Yeye hakucheka. Alinijibu, "Kaka, ngoja nimalize, kisha nitakwambia." Alipomaliza alinieleza neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Neno lenyewe nitalisema mahali pake. Kwanza yafaa niwaeleze walimu na wazazi ambao hawajapata kucheza michezo hii jinsi ilivyo.

Katika mchezo wa video mchezaji hukaa mbele ya televisheni, kompyuta au simu, akamwongoza mtu wa picha kwa vidole vyake. Mtu huyo akikimbia, ni mchezaji aliyemkimbiza. Akianguka shimoni, ni mchezaji aliyemwangusha. Huyo ndiye tumwitaye mhusika. Michezo mingi ya siku hizi humwuliza mchezaji kabla ya kuanza: je, mhusika wako awe mwanamume au mwanamke? Swali hili laonekana dogo, lakini majibu yake yana sababu nyingi.

Hapo mwanzo swali lenyewe halikuwapo. Mwaka 1980 ulitoka Japani mchezo uitwao Pac-Man, na mhusika wake alikuwa duara la manjano lenye mdomo, likila vidoa njiani. Mwaka 1982 ukatokea Ms. Pac-Man: duara lile lile, ila limevikwa utepe kichwani na kupakwa rangi midomoni. Mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ilitoa Metroid, ambao mhusika wake huvaa vazi la chuma la kivita mwili mzima. Wachezaji wengi walidhani ni mwanamume. Aliyeumaliza mchezo upesi alishangaa kuona mwishoni ya kuwa shujaa yule ni mwanamke, jina lake Samus Aran. Mwaka 1996 ukatoka Uingereza mchezo wa Tomb Raider, wenye mhusika mmoja tu wa kuongozwa, mwanamke aitwaye Lara Croft, na wanaume kwa wanawake wakamwongoza.

Katika michezo ya namna hiyo mchezaji alipewa tu. Kuchagua kulikuja kuenea baadaye. Michezo ya Pokémon, mathalan, ilianza na mvulana peke yake, mpaka mwaka 2000 ilipotoka Pokémon Crystal huko Japani, ndipo mchezaji alipoweza kwa mara ya kwanza kuchagua kuwa msichana. Na wapenzi wa mpira watakumbuka ya kuwa mchezo wa FIFA ulikaa miaka mingi bila wanawake, hata mwaka 2015 ilipotoka FIFA 16 yenye timu 12 za taifa za wanawake.

Basi sasa mtu akipewa nafasi ya kuchagua, huchagua kwa sababu gani? Mimi nimeona sababu tano.

Sababu ya kwanza ni kutaka kujiona mwenyewe. Mtu hupenda shujaa afanane naye. Kampuni ya BioWare ya Kanada ilianza mwaka 2007 kutoa michezo ya Mass Effect, ambayo shujaa wake, Kamanda Shepard, aweza kuwa mwanamume au mwanamke, na hadithi ni ile ile kwa sehemu kubwa. Michezo hiyo ilipotolewa upya mwaka 2021, kampuni ilitangaza ya kuwa asilimia 68 ya wachezaji walimchagua Shepard mwanamume, na asilimia 32 mwanamke. Hatuwezi kujua kwa hesabu hiyo peke yake ni nani aliyechagua nini, lakini nadhani wengi walichagua aliye karibu nao. Kwa msichana aliyezoea miaka mingi kuongoza mvulana kwa kukosa mwingine, kumpata mhusika wa kike si jambo dogo. Ni kama mtu aliyekuwa akivaa viatu vya kaka yake, siku moja akanunuliwa vyake.

Sababu ya pili ni faida. Mchezaji hutaka kushinda, basi humchagua mwenye nguvu zifaazo. Katika Super Mario Bros. 2, iliyotoka Marekani mwaka 1988, mchezaji aliweza kuchagua mmoja kati ya wahusika wanne. Mmoja wao alikuwa binti mfalme, na yeye peke yake aliweza kuelea hewani kitambo kidogo baada ya kuruka. Wavulana wengi walimchukua kwa ajili hiyo tu, maana alivuka mashimo ambayo wengine waliyaangukia. Katika Free Fire, mchezo ujulikanao sana na vijana wa simu, yuko msichana aitwaye Kelly ambaye sifa yake ni mbio. Anayemchagua Kelly hataki usichana, ataka mbio. Mkulima achaguapo jembe hutazama makali, hatazami rangi ya mpini.

Sababu ya tatu ni macho. Katika michezo mingi mchezaji humwona mhusika wake kwa nyuma, akimfuata saa nyingi. Wavulana wengi ukiwauliza mbona wamechagua mwanamke hujibu kwamba, ikiwa ni lazima kumtazama mtu muda mrefu, heri wamtazame anayependeza. Jibu hili ni la kweli kwa wengine, na kwa wengine ni kisingizio cha kuficha sababu nyingine ambayo waona haya kuitaja. Tena wasichana wana haki ya kulalamika hapa, kwa kuwa wachoraji wa michezo mara nyingi wamewavika wahusika wa kike mavazi yasiyofaa vita wala safari, kwa ajili ya kuwafurahisha watazamaji wa kiume tu.

Sababu ya nne ni kutaka kuonja maisha ya mtu mwingine. Jambo hili si geni, wala halikuanza na kompyuta. Mwaka jana chama chetu cha maigizo kilipoonyesha mchezo mbele ya wazazi, mama wa nyumba aliigizwa na mvulana wa bwenini kwetu, kwa sababu shule yetu ni ya wavulana watupu. Alijifunga kanga, akamgombeza mumewe mpaka ukumbi mzima ukacheka. Hakuna aliyemwuliza kama amepotewa na akili. Huko Uingereza zama za Shakespeare wavulana ndio walioigiza wanawake wote jukwaani. Katika tamthilia yake ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, yumo bibi aitwaye Portia, ambaye hujivika nguo za kiume akaingia mahakamani kama mwanasheria. Basi hapo palikuwa na mvulana aliyeigiza mwanamke aliyejifanya mwanamume! Watazamaji walielewa, wakafurahi. Mchezaji wa gemu naye yumo katika maigizo. Tofauti ni kwamba jukwaa lake ni kioo cha simu.

Sababu ya tano ndiyo niliyoisikia barazani. Mdogo wangu aliniambia, "Nilipoanza nilitumia jina langu na mhusika wa kike. Mchezo wetu unaruhusu kuzungumza. Kila waliposikia sauti yangu, wengine walinitukana, wengine waliniambia nirudi jikoni, na mmoja alinitaka nimpe namba ya simu ya mama. Nilipojipa jina la kiume na kunyamaza, wananiacha nicheze." Kisha akaongeza, "Napenda kucheza, kaka. Sikutaka kuacha."

Niliposikia hayo nilinyamaza, maana nilikuwa na siri. Mwaka uliopita, katika banda la gemu la mtaani kwetu, mimi na wenzangu tulikuwa tukicheza kwa mtandao, tukasikia sauti ya msichana upande wa pili. Tulimfanyia mzaha mpaka akatoka. Mimi sikutukana, lakini nilicheka kwa sauti kubwa, naye alinisikia. Sikuwaza siku ile kwamba msichana yule ni mdogo wa mtu.

Jambo hili si la mdogo wangu peke yake. Watafiti wawili wa Marekani walijaribu katika mchezo wa Halo 3: walicheza mara nyingi na watu wasiowajua, mara wakitoa sauti ya kiume iliyorekodiwa, mara ya kike, na mara nyingine wakinyamaza. Maneno yaliyosemwa yalikuwa yale yale. Habari zao, zilizochapishwa mwaka 2013, zaonyesha ya kuwa sauti ya kike ilijibiwa kwa maneno mabaya mara tatu zaidi kuliko ya kiume au kimya. Basi kwa wengine kuchagua mwanamume si kupenda. Ni kujikinga, kama mtu ajifunikaye shuka mbu wasimwume.

Huenda msomaji akauliza: je, mhusika tumchaguaye hutubadilisha? Mwaka 2007 wataalamu wawili, Nick Yee na Jeremy Bailenson, walieleza majaribio waliyofanya Marekani. Waliwapa watu miili ya picha, wengine mirefu na wengine mifupi, kisha wakawaambia wagawane fedha kwa kupatana. Waliopewa miili mirefu walisimama imara zaidi katika mapatano kuliko waliopewa mifupi, ijapokuwa urefu ule haukuwa wao. Kwa hiyo vazi la picha laweza kuugusa moyo wa alivaaye.

Lakini haligusi kila kitu. Mwaka 2014 watafiti wengine walichapisha habari za wachezaji 375 wa mchezo uitwao World of Warcraft. Waliona ya kuwa asilimia 23 ya wanaume walichagua mhusika wa kike, na asilimia 7 ya wanawake walichagua wa kiume. Wanaume wale waliandika kwa maneno ya hisia zaidi na kutumia alama nyingi za mshangao, lakini walitembea kinyumenyume, wakarukaruka, na kukaa mbali na wenzao zaidi kuliko wanawake walivyofanya. Ulimi ulibadilika, miguu haikubadilika. Na kama wanawake waliobadili ni wachache, nadhani sababu moja ni kwamba mwanamke ana njia nyingine ya kujificha, nayo ni kunyamaza tu.

Kutokana na hayo naona mambo mawili. La kwanza, tusimhukumu mtu kwa mhusika wake. Mvulana aliyemchagua mwanamke huenda ametaka mbio, au hadithi, au amebonyeza tu bila kufikiri. Lugha yetu yenyewe yatufundisha: tusimuliapo mchezo husema "ameruka, amekimbia, amefunga," wala neno hilo halisemi kama ni mume au mke. Twasifu kazi kwanza.

La pili, achaguaye kwa kupenda na achaguaye kwa hofu si sawa, hata kama kwenye kioo waonekana sawa. Wa kwanza tumwache afurahi. Wa pili tumwondolee sababu ya hofu yake. Wachezaji wenzangu, tukisikia sauti ya msichana tumwambie lile tumwambialo kila mtu, yaani "linda upande ule" au "nipe mpira." Michezo mingi ina njia ya kumzuia mtukanaji na ya kumshtaki kwa wenye mchezo, tuitumie. Wazazi nao, mtoto akiwaletea shtaka la matusi, tafadhali wasimnyang'anye simu kana kwamba yeye ndiye mkosaji, la sivyo safari ijayo hatasema. Ila namba za simu na mahali pa kukaa asimpe mtu yeyote asiyemjua.

Mimi nilimwambia mdogo wangu habari ya banda la gemu. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza kama nitacheza pamoja naye akirudia jina lake. Nilikubali. Siku mbili kabla ya kurudi shuleni alilibadili. Usiku ule matusi yalikuja mara moja, tukamzuia mtu yule, tukaendelea. Mechi ya mwisho tulishinda, na aliyetuvusha alikuwa yeye. Mimi nilikuwa nimekwisha kufa tangu mwanzo. Hatumii simu hapa shuleni, lakini katika barua yake aliyompa mama aniletee ameandika kwamba jina hajalibadili tena.