Kukimbia pamoja na mtoto: kilomita ni za mzazi, mchezo ni wa mtoto

Asubuhi za Jumamosi na Jumapili, katika miji kama Goma, Bukavu, Butembo ao Lubumbashi, vikundi vya wakimbiaji hujaza barabara kabla magari na pikipiki hazijawa nyingi. Wengine wanaimba kwa kupokezana, wengine wanakimbia kimya kila mtu na pumzi yake. Na mara nyingi, nyuma ya kikundi, kuna mtoto wa miaka 7 ao 9, amevaa kambambili ao viatu vya shule, anajikaza asiachwe na baba yake.

Ni jambo zuri kuliona. Mtoto anayemwona mzazi akifanya mazoezi anajifunza bila kuhubiriwa. Lakini mzazi anayejiandaa kwa mbio ndefu, kwa baiskeli ya kilomita nyingi ao kwa kupanda mlima, ana programu yake, ana lengo lake, tena ana mwili uliomaliza kukomaa. Mtoto hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Ndiyo maana swali hili limezua mabishano makali katika nchi mbalimbali: mtoto aingizwe namna gani katika mazoezi ya wazazi bila kubebeshwa mzigo usio wake?

Mtoto wa miaka 6 katika marathoni

Kisa kilichosemwa sana miaka ya karibuni kilitokea Marekani. Tarehe 1 Mei 2022, katika marathoni ya Flying Pig mjini Cincinnati, familia moja ya baba, mama na watoto 6 ilikimbia pamoja kilomita zote 42. Mtoto wa mwisho alikuwa na miaka 6. Walifika mwisho baada ya zaidi ya saa 8.

Baba mwenyewe ndiye aliyeandika kwenye mitandao ya kijamii kwamba, karibu na kilomita ya 32, mtoto alikuwa anateseka na alitaka kukaa chini kila baada ya dakika 3. Ili aendelee, wazazi walimwahidi chipsi za paketi. Picha zilipoenea, watu waligawanyika. Wazazi walijitetea kwamba mtoto ndiye aliyeomba kushiriki, kwamba alikuwa amefanya mazoezi pamoja nao, na kwamba walimwuliza mara nyingi kama anataka kuacha.

Kara Goucher, mwanariadha wa Marekani aliyekimbia katika Olimpiki mbili, alijibu hadharani. Kwa maoni yake, mtoto wa umri huo hawezi kuelewa marathoni itamfanyia nini mwilini, na anapoteseka hajui kwamba ana haki ya kusimama. Waandaaji wa mbio hizo walieleza kwamba familia hiyo ilikwisha kukimbia na watoto bila namba miaka ya nyuma, na kwamba waliona afadhali wawaandikishe ili wapate maji na huduma njiani. Baadaye walitangaza kwamba watashika sheria ya miaka 18. Umri huo ndio unaodaiwa pia katika marathoni kubwa kama za Boston, New York na London.

Onyo lililotoka India

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Mwaka 2006, katika jimbo la Orissa nchini India, mtoto mwenye miaka 4 aitwaye Budhia Singh alikimbia kilomita 65 kutoka Puri hadi Bhubaneswar, kwa muda wa saa 7 na dakika 2. Alitoka katika familia maskini sana, na kocha wa judo ndiye aliyemchukua na kumlea. Nchi nzima ilimshangilia. Lakini alianguka kabla ya kufika pale palipopangwa.

Madaktari wa serikali waliompima walikuta kwamba hali chakula cha kutosha, ana upungufu wa damu, na moyo wake unafanya kazi kupita kiasi. Serikali ya jimbo ikamkataza mbio ndefu. Budhia alikua, akasoma katika kituo cha michezo cha serikali, lakini ule ubingwa wa dunia ambao watu wazima walimtabiria haukuja.

Visa hivi viwili havifanani kwa hali ya familia. Ila katika vyote viwili watu wazima ndio waliochagua umbali, na mtoto akautimiza kwa kuwapendeza wale anaowategemea kwa chakula, malazi na mapendo. Mtoto wa umri huo hukubali mambo mengi ili tu abaki karibu na mzazi. «Ndiyo» yake haitoshi kuwa ruhusa.

Mwili bado unajengwa

Mifupa ya mtoto hurefuka kutokea sehemu laini zilizo karibu na ncha zake. Kwa watoto wengi sehemu hizo hazijafunga mpaka kati ya miaka 14 na 18, na wasichana hutangulia wavulana. Ni sehemu dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Zinapogongwa mara elfu nyingi kwa mwendo uleule, kila siku, juu ya lami ao mawe, zinaumia. Ndiyo maana watoto wanaofanya mazoezi kupita kiasi hulalamika kisigino, ao pale chini kidogo ya goti ambapo mfupa hutokeza na kuuma ukiguswa.

Jambo la pili ni joto. Mtoto anapokimbia, mwili wake mdogo hutoa joto jingi kwa kila kilo ya uzito, na hutoa jasho kidogo kuliko mtu mzima. Goma na Bukavu ziko kwenye urefu wa karibu mita 1.500 juu ya bahari, kwa hiyo asubuhi kuna baridi na hatari hiyo hupungua. Lakini Uvira, Kalemie, Kindu ao Kisangani, saa 3 asubuhi jua limekwisha kuwa kali. Mbio ambayo baba anaiona ya kawaida inaweza kumwangusha mtoto.

Jambo la tatu ni hatua. Ili aende sawa na baba yake, mtoto anapiga hatua nyingi zaidi na anatumia nguvu nyingi zaidi kwa umbali uleule. Kilomita 5 za baba si kilomita 5 za mtoto.

Hesabu dakika, usihesabu kilomita

Hayo yote hayamaanishi kwamba mtoto akae nyumbani mbele ya televisheni. Shirika la afya duniani, OMS, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linasema watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayoharakisha pumzi, na angalau siku 3 kwa juma shughuli zinazoimarisha misuli na mifupa: kuruka, kupanda, kukimbia. Watoto wa miaka 3 na 4 wanahitaji kuwa katika mwendo dakika 180 kwa siku, na michezo inahesabiwa humo.

OMS inataja dakika na aina ya mwendo, haitaji kilomita. Kuruka kamba, mpira wa miguu, kukimbizana na baiskeli, vyote vinahesabiwa. Nao madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto anayefuata mchezo mmoja apumzike angalau siku 1 ao 2 kwa juma, na ndani ya mwaka auache mchezo huo kwa miezi 2 ao 3, akifanya mingine.

Hapa kwetu, mtoto amekwisha kutembea

Mashauri mengi ya namna hii yameandikwa kwa watoto wanaopelekwa shule kwa gari. Hapa mashariki mwa Kongo hali ni nyingine. Mtoto wa Kadutu anapanda na kushuka kilima kwenda masomo. Mwingine anachota maji na kurudi na bidoni kichwani. Kule Masisi na Rutshuru watoto wanasaidia kazi ya shamba na kubeba kuni. Huyo amekwisha kupata dakika zake 60 kabla baba hajafunga kamba za viatu.

Kwa hiyo, mzazi aangalie kwanza siku ya mtoto ilivyokuwa. Aangalie pia sahani yake. Katika nchi yetu, zaidi ya watoto 4 kwa 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa kwa sababu ya lishe duni iliyodumu. Mtoto anayekimbia bila kula vya kutosha anatumia kwa mwendo nguvu ambazo mwili ulizihifadhi kwa kukua. Maharagi, sambaza, mayai, ndizi na sombe ni sehemu ya mazoezi sawa na viatu. Mtoto asikimbie na tumbo tupu eti kwa sababu baba hukimbia kabla ya chai. Na mwenye homa, ao ambaye ametoka juzi kwenye malaria, apumzike mpaka nguvu zirudi kabisa.

Kuna pia barabara yenyewe. Mawe ya volkano mjini Goma hukata kambambili na mguu pamoja. Pikipiki hazimwoni mtoto gizani. Kiwanja cha shule ao njia ya udongo kunapokucha ni afadhali kuliko barabara kubwa saa 11 alfajiri.

Namna ya kumwingiza

Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati mama anakimbia, kwa sababu shingo yake haijawa na nguvu ya kushika kichwa kinachotikisika. Kutembea naye kwa haraka kunatosha, na ni mazoezi mazuri kwa mama pia.

Kati ya miaka 3 na 5, mazoezi ni mchezo. Mzazi amalize mbio zake kwanza, kisha mtoto amkimbilie mita za mwisho, wakimbizane hadi mlangoni. Hapo mtoto amepata sehemu yake katika jambo la baba ao mama, bila kuumia.

Kati ya miaka 6 na 10, anaweza kwenda mizunguko mifupi yenye kusimama. Parkrun, mbio za bure za kila juma zilizoanzia Uingereza mwaka 2004, zinaweza kutupa kipimo: mbio zao za watoto wa miaka 4 hadi 14 ni kilomita 2 tu. Katika zile za kilomita 5, aliye chini ya miaka 11 lazima awe karibu na mtu mzima kiasi cha kufikiwa na mkono. Ni mtu mzima anayefuata mwendo wa mtoto.

Siku ambayo mzazi ana mazoezi magumu, mtoto anaweza kupewa kazi: kushika saa, kuhesabu mizunguko ya kiwanja, kutoa maji, ao kufuata kwa baiskeli pasipo magari. Mtoto aliyeshika saa anajiona kocha, na mzazi anapata mazoezi yake kamili. Mbio ndefu ya saa 2 mzazi aende peke yake ao na wenzake.

Kuanzia miaka 11 hadi 14, kijana anayependa anaweza kuongeza, lakini polepole, huku akiendelea na mpira, kuogelea ao michezo mingine. Kipimo rahisi ni maneno: kama mtoto anashindwa kusema sentensi nzima huku akikimbia, mwendo umekuwa mkali, mtembee.

Alama za kusimama

Zipo dalili ambazo mzazi asizibishie. Mtoto anachechemea. Anaumwa mahali palepale siku kadhaa. Anapata kizunguzungu, kichwa kinamuuma ao anaacha kutoa jasho kwenye joto. Maumivu ya kifua na kuzimia wakati wa kukimbia vinadai daktari siku hiyohiyo. Zipo na dalili za kimya: usingizi unapotea, hamu ya kula inashuka, masomo yanashuka, na kila Ijumaa jioni tumbo linaanza kumuuma kwa sababu kesho ni siku ya mbio. Tumbo hilo linasema kile ambacho mdomo umeogopa kusema.

Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto mwaka 1990. Sehemu ya 12 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na sehemu ya 31 inampa haki ya kupumzika na kucheza. Katika familia zetu, ambapo mtoto amefundishwa kutomkatalia mzazi, haki hiyo inahitaji msaada. Mzazi aseme kabla ya kutoka: ukichoka tunasimama, na hakuna atakayekasirika. Kisha mtoto akisema, asimame kweli. Akisimamishwa mara moja bila kuchekwa, mara nyingine atasema ukweli.

Muda upo

Wazazi wengine wanaogopa kwamba mtoto asipoanza mapema atakosa nafasi yake. Makorobondo Salukombo, mzaliwa wa Kirotshe pembeni ya ziwa Kivu, alilazimika kukimbia vita na familia yake mpaka Marekani. Huko ndiko alikoanza riadha, akiwa kijana wa shule. Mwaka 2016 alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio akivaa rangi za Kongo. Alikuwa pia amerudi Kivu kuwafundisha vijana, na Beatrice Kamuchanga, mmoja wao, alikimbia mita 5.000 katika michezo hiyohiyo.

Hakuna aliyemkimbiza Salukombo kilomita 42 akiwa na miaka 6. Mtoto anayekimbia kidogo leo na kurudi nyumbani akicheka ana miaka mingi ya kuongeza kilomita. Anayerudi akilia anaweza kuvua viatu asivivae tena, na mzazi akabaki peke yake barabarani na programu yake.