Kwa nini redio ya mbali husikika usiku

Redio ndogo ya mawimbi mafupi mchana inakoroma tu. Jua likizama, sauti za nchi za mbali zinaingia. Darasani watoto wanatuuliza kama ni uchawi. Hapana, ni kazi ya jua.

Kuanzia kilometa 60 hivi juu yetu, mwangaza mkali wa jua, ule tusiouona kwa macho, unavunjavunja chembe za hewa, na hewa ile inapata umeme. Tabaka lake la chini ndilo linalomeza sauti mchana. Giza likiingia linafifia upesi. La juu, kwenye kilometa 250 na zaidi, linabaki usiku kucha, na linarudisha mawimbi chini kama ukuta unavyorudisha mpira. FM yenyewe inalipenya na kwenda zake, ndiyo maana inaishia nyuma ya mlima.

Kwa mama ambaye jamaa zake wamekimbia vita, habari si mchezo, na betri ni pesa. Basi mchana zimeni, mfungue tena saa moja ya jioni. Na kabla ya kumpelekea fundi redio, ijaribuni kwanza usiku.