Kuchagua Seva Huria ya Programu za Kampuni

Seva ya programu ndiyo inayobeba mifumo ya kazi ya kampuni: hupokea maombi ya watumiaji, husimamia mawasiliano na hifadhidata, na huhakikisha muamala haukatiki njiani. Kwa wanaotumia Java, seva huria zinazojulikana sana ni Tomcat, WildFly na GlassFish.

Tomcat, iliyokabidhiwa kwa taasisi ya Apache mwaka 1999, ni nyepesi na inatosha kwa mifumo mingi ya wavuti. Mfumo wenye foleni za ujumbe, au muamala mmoja unaogusa hifadhidata mbili, unafaa zaidi kwa WildFly, ambayo awali iliitwa JBoss.

Linalosahaulika mno ni nani anayeitunza seva. Mwaka 2013 Oracle, iliyokuwa ikiitunza GlassFish, ilitangaza kusitisha huduma yake ya kulipia. Msimbo ulibaki huria, lakini kampuni zilizoutegemea zililazimika kutafuta msaada kwingine. Hapo ndipo ilipozaliwa Payara, seva iliyotokana na msimbo huo wa GlassFish. Matoleo nayo yaangaliwe: programu iliyoandikwa kwa Tomcat 9 haifanyi kazi kwenye Tomcat 10 mpaka majina ya vifurushi vya javax inavyotumia yageuzwe kuwa jakarta. Kabla ya kuamua, programu yenyewe ijaribiwe kwa mzigo wa kweli.