Makombo ya sahani na mbwa wa lupango

Watumikaji wenzetu, unaporudi kutoka kazi ya usiku na kukaa kula, mbwa anakutazama mdomoni. Amelinda lupango usiku kucha, na wewe unataka kumpa kitu. Mpe, lakini ujue unachompa.

Bukari tupu haina shida. Nyama isiyo na mfupa, yai lililopikwa, samaki aliyetolewa miiba, boga, kipande cha ndizi, vyote anaweza kula, kidogo kidogo. Vionjo hivi visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Hatari iko katika mchuzi, na sisi ndio tunaopenda kummwagia mchuzi! Kitunguu na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, vinaharibu damu ya mbwa. Hauoni kitu siku ile. Siku chache baadaye anachoka, ufizi unakuwa mweupe, mkojo unageuka mwekundu. Mama, mtolee nyama yake kabla ya kutia kitunguu chunguni.

Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka na kutoboa matumbo. Shokola, zabibu na shikleti zisizo na sukari ni sumu kwake.

Lakini kosa tunaloliona mara nyingi ni hili: mfuko wa mahindi umelowa mvua, umeota kuvu, na mtu anasema, «Tusitupe, tumpikie mbwa.» Kuvu hiyo inaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini. Moto wa jikoni hauimalizi, na kupepeta hakutoshi. Mwishoni mwa mwaka 2005, huko Marekani, mbwa wengi walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa na mahindi ya namna hiyo. Na si mbwa peke yao: mwaka 2004, mashariki ya Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Mahindi hayo yazikwe mbali, kuku na bata wasiyafikie. Mfuko mzuri uwekwe juu ya mbao, usiguse sakafu wala ukuta.

Kionjo kiwekwe katika sahani ya mbwa, kisitoke mkononi mwa mtoto. Hata mbwa mpole anaweza kukosea na kuuma vidole.

Akitapika, akitetemeka au macho yakiwa manjano, usimnyweshe mafuta wala maji ya chumvi. Mpeleke upesi kwa muganga wa nyama, na uchukue mabaki ya kile alichokula.