Linda Macho Uendeshapo Baisikeli Wakati wa Baridi

Wewe ukaaye Njombe au Makete waijua baridi ya Juni na Julai. Hata siku isiyo na upepo, ukiteremka mlima kwa kasi hewa yakupiga usoni na kukausha macho, nayo hutoa machozi. Mwenye machozi haoni vema lori lijalo. Na huenda amempakia mtoto.

Basi vaa miwani isiyo na rangi. Ile ya jua alfajiri huzidisha giza. Skafu ifunge chini ya pua, pumzi isitie miwani ukungu. Jipake mafuta mashavuni na midomoni. Mtoto mvike kofia na shali, kwani hakanyagi pedeli, hapati joto.

Vumbi likiingia jichoni usipikiche: simama, nawa maji safi. Maumivu yakiendelea, nenda hospitali. Jicho ni amana ya Mungu.