Ndago, Gugu Linaloingia na Lori la Udongo

Masika yakikolea Frere Town, Mombasa, ua uliokatwa nyasi Jumamosi hauchukui hata wiki kubadilika. Ukoka ungali mfupi, lakini katikati yake yameshachomoza majani membamba, ya kijani cha kung'aa. Hiyo ni ndago.

Kuitambua si kazi. Shika bua lake ulizungushe kati ya vidole: lina pembe tatu, ilhali bua la ukoka ni la mviringo. Fukua taratibu, utakuta viazi vidogo vigumu vya kahawia vilivyofuatana kwenye mizizi myembamba kama punje za tasbihi. Ukivuta jani, mzizi hukatika na kiazi hubaki kikachipua tena. Ukikatuakatua kwa jembe unaviachanisha, na vilivyokuwa vimelala huota. Hata plastiki nyeusi huitoboa. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake waliitaja kuwa gugu baya kuliko yote duniani.

Huingiaje uani?

Wamishonari wa Church Missionary Society (CMS) walipoanzisha hapa makazi ya watumwa walioachwa huru, mwaka 1875, watu walilima udongo walioukuta. Leo, juu ya jiwe la matumbawe, anayetaka bustani hununua udongo mwekundu kwa lori na samadi kwa gunia. Viazi vya ndago huja humo, na pia katika mifuko ya miche.

Palipo na ndago chache, chimba kwa jembe uma udongo ukiwa na unyevu, hadi kina cha futi moja, uokote kila kiazi. Usivitupe kwenye mboji. Vianike juani juu ya saruji hadi vikauke kabisa. Ndago ikiwa imetapakaa, ng'oa machipukizi kila baada ya wiki mbili, bila kuruka, ili viazi viishiwe nguvu kabla ya kuzaa vingine. Usikate ukoka mfupi mno, kwani ndago haipendi kivuli. Dawa ya magugu ya glaifoseti huua ukoka pia, kwa hiyo haifai kunyunyizwa ovyo.

Ukiwa unapalilia, angalia pia gugu jingine: gugu karoti, mgeni kutoka Amerika, ambalo huwasha ngozi na kuchochea pumu. Kenya ililitangaza gugu haribifu mwaka 2010. Ling'oe kwa glavu kabla halijachanua.

Kabla ya kuagiza udongo, omba kopo moja la sampuli, ulimwagilie maji kwa wiki mbili. Ndago ikichomoza humo, tafuta muuzaji mwingine.