Kasuku Hasemi kwa Kuogopa

Aghalabu mwalimu humkemea mwanafunzi aliyekariri somo bila ya kulielewa kwa kumwambia kwamba anasema kama kasuku. Tashbihi hiyo imezoeleka mno hata hakuna anayejiuliza iwapo kasuku mwenyewe anastahili lawama hiyo. Kwa maoni yangu, hastahili. Aliyeishi na kasuku wa kijivu kwa saburi anafahamu kwamba ndege huyu hajifunzi vyema kwa kurudiwarudiwa maneno, bali kwa kuzungumza na mtu anayemwamini.

Imani hiyo haipatikani kwa siku moja. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, na hapa Kenya amejulikana katika msitu wa Kakamega. Huishi kwa makundi, naye huwindwa na ndege wakali. Kwa hivyo, mkono unaoingia kizimbani ghafla hauna tofauti, machoni pake, na ukucha wa mwewe. Anayemchukua ndege aliyelelewa na mtu mwingine hana budi kuanza kwa kukaa tu karibu na kizimba, akizungumza kwa sauti ya chini bila ya kumkodolea macho. Baadaye humpa karanga au kipande cha tunda kati ya vyuma. Ndege akinyosha shingo na kupokea, hatua moja imepigwa. Akibana manyoya na kunguruma, mfugaji arudi nyuma. Hatimaye mlango hufunguliwa, na ndege huachwa aamue mwenyewe kuja mkononi. Kazi hiyo yaweza kuchukua majuma au miezi. Anayeikatiza kwa kumshika kwa nguvu hupoteza yote aliyoyapata, na ndege aliyezidiwa na hofu au upweke huweza kuanza kujinyonyoa manyoya.

Jambo hili lina ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 1977, mtafiti wa Marekani Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu katika duka mjini Chicago, akamwita Alex. Badala ya kumkaririsha maneno, watu wawili walikaa mbele yake: mmoja aliuliza jina la kitu, mwenzake akajibu na kupewa kitu hicho, kisha wakabadilishana zamu. Alex alitazama, naye akaingia katika mazungumzo. Tuzo yake ilikuwa kile kitu alichokitaja. Kufikia kifo chake mwaka 2007, aliweza kutaja vitu vipatavyo 50 na rangi 7, na kueleza iwapo vitu viwili vimetofautiana kwa rangi, kwa umbo au kwa kile vilichoundwa nacho. Mimi nasita kuyaita hayo lugha, kwani hayana sarufi kamili. Hata hivyo, huko si kukariri.

Waama, mapenzi kwa ndege yasigeuke kuwa madhara. Mwaka 2016, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu walionaswa porini, kwa kuwa idadi yao ilikuwa imepungua mno. Hapa nchini, kumfuga kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Anayemnunua kichochoroni humlipa mtegaji aende kunasa mwingine.

Turudi sasa darasani. Fimbo iliharamishwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, lakini kejeli na vitisho havijatoweka. Mwanafunzi anayechelea kuchekwa hathubutu kujaribu sentensi yake mwenyewe. Hutoa ile iliyoandikwa ubaoni, kwa sababu ndiyo isiyoweza kumtia aibu. Tunayemwita kasuku, basi, mara nyingi ni mtoto aliyejifunza kujikinga. Dawa yake ni ile ile ya mfugaji: kumkaribia pole pole, kumpa nafasi ya kujibu kwa maneno yake, na kulipokea jibu lenye kasoro bila ya kumdhihaki.

Siku mwalimu atakapouliza swali, na darasa zima likamjibu kwa sauti moja maneno yale yale ya daftarini, amwache kasuku na sifa zake. Ajiulize kwanza wanafunzi wake wanaogopa nini.